Jogoo wa kienyeji alainike vipi?

SWALI: Ninafuga kuku wa kienyeji hapa Morogoro. Kila nikichinja jogoo, nyama yake hubaki ngumu hata nikiichemsha saa nzima kwa moto mkali. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, jogoo wako hana kosa, tatizo ni moto na haraka. Kuku anayeshinda akichakura, tena aliyekwishapita mwaka mmoja, huwa na misuli imara iliyofungwa kwa kolajeni, yaani protini ngumu inayoshikanisha nyama, na kolajeni hiyo hugeuka kuwa jelatini laini pale tu inapopikwa polepole kwa muda mrefu, ilhali moto mkali huikaza misuli na kuikamua maji yake. Kwa hiyo supu ikishachemka, punguza makaa, funika sufuria, uiache itokote taratibu kwa saa 2 hadi 3. Supu ya namna hiyo, kwa kuonja kwangu, haifikiwi kabisa na ile ya kuku wa kisasa.

Jambo jingine, ambalo wengi hulipuuza, ni kuipumzisha nyama. Saa chache baada ya kuchinja, misuli hukakamaa, na ukiibandika jikoni wakati huo itakutesa. Iweke kwenye jokofu hadi kesho yake. Papai bichi lililopondwa nalo husaidia, kwa kuwa utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja protini, lakini nusu saa inatosha, la sivyo nyama hugeuka rojorojo. Tui zito la nazi litie mwishoni, nyama ikiwa imeiva, huku ukikoroga ili lisikatike.