Nani anakujua zaidi, wewe au wenzako?

Ndugu yangu, unajiona mpole, lakini mkeo na wenzako kazini wanasema u mkali, na unauliza nani yuko sahihi. Kwa hili ningewasikiliza wao kwanza.

Mwaka 2010 mwanasaikolojia Simine Vazire alichapisha utafiti uliolinganisha jinsi watu walivyojieleza, marafiki walivyowaeleza, na walivyofanya kwenye majaribio. Kuhusu wasiwasi wa moyoni, mtu mwenyewe alijijua vizuri kuliko wengine. Kuhusu akili na ubunifu, marafiki waliona vizuri zaidi, maana hapo kujipendelea ni rahisi mno. Ukali uko kwenye sauti na uso, na uso wako huuoni ukiongea. Wewe unapima nia yako. Wao wanapokea maneno.

Ila usiwaulize, “Mimi ni mkali?” Watakujibu kwa adabu tu, hasa walio chini yako. Uliza tukio: “Jana kwenye kikao, nilisema nini kikakukera?” Kisha nyamaza kabisa. Ukianza kujitetea, hutaambiwa tena. Anza na mkeo; yeye hana kibarua cha kulinda.