Kabla hujasogeza mwale, kashike kabati kwanza

Vijana wanaoanza kazi ya kupima mwale kwenye akselereta (mashine inayokimbiza chembe ndogo kama elektroni, mkondo wake ndo mwale) huwa wananiuliza wasome kitabu gani, mi nawaambia anza na mkono, nenda kashike kabati la elektroniki uone kama lina joto.

Nilijifunza kwa aibu. Mwezi wangu wa kwanza kwenye maabara moja huku Ulaya, kila ikifika saa nane mchana naona mwale unasogea kulia polepole, mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), siku nyingine 40, mi nikajiona fundi nikawa naurudisha kwa zile sumaku ndogo za kusahihisha, siku tatu nzima, kumbe watafiti kule mwisho wa laini wanalalamika mwale wao umehama! Mzee mmoja wa zamu akaja akauliza swali moja tu: pazia la chumba cha makabati nani kafungua? Jua lilikua linapiga kabati moja kwa moja.

Maana sensa inayopima mwale uko wapi haiuoni kama jicho, na kabati ndo linasoma signali zake. Ni vitufe vinne vya chuma kuzunguka bomba, mwale ukipita kila kimoja kinapata umeme kidogo, ukiwa karibu na cha kulia hicho ndo kinapata mwingi, afu unachukua tofauti unagawa kwa jumla. Sasa chaneli moja ikipata joto ikapunguza signali kuliko mwenzake, kompyuta inakwambia mwale umehama na wala haina wasiwasi.

Kwa hiyo usiguse sumaku kabla hujabadilishana waya wa kulia na wa kushoto nyuma ya kabati. Mwale ukiwa umehama kweli, namba inageuka kutoka chanya kwenda hasi. Kama tatizo ni elektroniki, inabaki vilevile. Dakika kumi tu.

Kwenye kupima nishati ya mwale ndo kuna vituko, maana huko mashine inaweza kubadilika kweli bila mtu kuigusa. LEP, akselereta ya elektroni ya maabara ya CERN kule Geneva, duara la kilomita 27 ndani ya taneli lililofanya kazi 1989 hadi 2000, ilikua inapima nishati kwa spini za elektroni (zinavyojizungusha kama pia), usahihi wa kama MeV 1 kwenye mwale wa GeV 45 (hivyo ni vipimo vya nishati, GeV 1 ni MeV 1,000), yaani ni balaa. Wakakuta mwezi, huuhuu unaoleta bamvua, unavuta ardhi na duara linatanuka kama milimita 1. Urefu wa njia ya mwale unashikwa na masafa ya mawimbi ya redio yanayosukuma mwale kwa hiyo hautanuki na taneli, unapita pembeni ya katikati ya sumaku, na nishati inayumba kama MeV 10. Afu 1995 wakagundua umeme unaovuja kwenye reli za treni unapita kwenye bomba la mwale na kuvuruga nguvu ya sumaku, mchana fujo, usiku wa manane kimya.

Ukiangalia, mi na hao wa LEP wote tuliokolewa na saa, maana tatizo lilikua linakuja kwa saa zake. Andika saa kila unapoandika namba, hata kama namba haina shida. Daftari langu la zamu sasa lina safu ya saa, ya joto la chumba, na ya pazia. Ndio, pazia.