"Sawa" Si Jibu: Niliyoyapata Mnarani na Kwenye Viwanja vya Nyasi

Vijana wakinipigia kuuliza kazi ya kuongoza ndege inataka nini, hutegemea niwatajie hesabu na fizikia. Zinatakiwa, sikatai. Kiingereza nacho utapimwa, angalau ufike daraja la 4 katika mizani ya kimataifa, na ukibaki hapo unarudi mtihanini kila miaka 3. Daktari atakukagua macho na masikio. Hayo utayasoma popote. Langu mimi ni moja: usiridhike na "sawa".

Mnarani, rubani akiruhusiwa kutua, kuruka au kuvuka barabara ya kurukia, hurudia ruhusa hiyo kwa kinywa chake, pamoja na namba ya barabara yenyewe. Kimo na kipimo cha shinikizo la hewa vivyo hivyo. Neno la redioni "roja" maana yake ni "nimeyasikia yote uliyosema", basi. Si ndiyo, wala si hapana.

Mwanzoni niliona ni kupotezeana muda, hasa pale uwanja wa Entebbe, Uganda, mawingu ya radi yanapotoka ziwani na kila rubani anataka kutua kabla hayajafika. Mwalimu wangu akanikumbusha Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu, wakafa watu 583. Rubani mmoja alitoa kauli ambayo ungeweza kuielewa kwamba yuko tayari kuruka, au kwamba ameshaanza. Mnara ukaanza kumjibu kwa "okei". Maneno ya kumwambia asubiri yalifuata, lakini yaliharibiwa na mkwaruzo, kwa kuwa ndege ya pili nayo iliongea wakati uleule.

Nilidhani nimeelewa somo. Kumbe bado.

Baadaye niliacha mnara nikaenda kupanga safari za ndege ndogo za kwenda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Huko kwenye viwanja vingi vya nyasi na changarawe hakuna mnara; marubani hutangaziana wenyewe redioni walipo, na jicho lako la chini ni mtu mwenye simu. Siku moja nikampigia mlinzi wa kiwanja.

"Habari ya huko, mzee? Uwanja uko vipi?"

"Uwanja sawa kabisa, kijana wangu."

Ndege ikatua, ikazama gurudumu. Hakuna aliyeumia, ila ililala huko siku mbili, na maneno niliyoambiwa na rubani siyaandiki hapa. Mzee hakudanganya. Alikuwa ameangalia upande wa nyumbani kwake, nako kulikuwa kukavu. Tena kijijini kulikuwa na mgonjwa anaisubiri ndege ile. Nani angesema usije? Kosa lilikuwa la swali langu.

Tangu hapo nauliza hivi: Mvua ya mwisho ilinyesha lini? Umetembea mpaka ule mwisho wa pili? Pikipiki ikipita katikati, inaacha alama? Ng'ombe wako wapi sasa hivi? Moshi wa jikoni unaelekea wapi? Hilo la moshi linanipa upepo kuliko maelezo yoyote.

Abiria nao wana "sawa" yao, inaitwa "mzigo mdogo tu". Pima kilo, hata za mheshimiwa, naye mwenyewe apande mizani, akinuna anune. Entebbe yenyewe iko takriban futi 3,780 juu ya usawa wa bahari. Kwenye miinuko kama hiyo, saa nane mchana jua likiwa kali, hewa ni nyepesi na ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwa hiyo ondoka asubuhi.

Na "asubuhi" nayo itaje kwa saa. Ukisema "saa tatu", rubani mgeni anaweza kuandika 3. Ratiba zetu ni za saa ya kimataifa (UTC), iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, na kwa bahati nzuri hesabu ni nyepesi: mchana, chukua saa ya Kiswahili ongeza 3. Saa tatu asubuhi ni 0600. Usiku ongeza 15, na ikifika 24 au zaidi, toa 24.

Yule mzee tulifanya naye kazi miaka mingi baadaye. Msimu mmoja wa mvua alinipigia yeye, alfajiri, kabla sijamtafuta. "Nimetembea uwanja wote. Pale katikati kisigino kinazama. Mgonjwa tumempakia kwenye gari, msije."