Kumaliza mfarishi wa Idd bila kukata tamaa njiani

Waalaikum salaam, dada yangu. Umeuliza ufanyeje, kwa kuwa mfarishi wa leso, yaani tandiko la kitanda la viraka lenye pamba ndani, unaomshonea mama yako kwa ajili ya Idd umekwama katikati, ilhali uliuanza kwa hamu kubwa. Mimi ni mshonaji wa mifarishi na kofia za mkono hapa Mkomani, Lamu, na nitakujibu kwa yale niliyoyaona kazini.

Ninavyoamini, hamu hupotea pale mshonaji anapokuwa haoni kazi ikisogea. Ukiutandaza mfarishi wote mkekani kila jioni, jicho litaona pengo tu. Kwa hiyo naigawa kazi katika sehemu zinazomalizika kwa kikao kimoja, na leso yenyewe inasaidia: pindo, yaani mapambo ya kandokando, naziweka kwa ajili ya ukingo, mji, yaani sehemu ya kati, naukata miraba ya ukubwa mmoja, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, nalihifadhi nilishone katikati, ili atakayepewa ayasome maneno yale kila anapotandika kitanda. Leso mpya zifuliwe kwanza mpaka ziache kuchuja, maana nyekundu moja inaweza kuharibu kazi ya miezi, na hasara hiyo huvunja moyo kuliko uchovu wowote. Kila kikao nashona safu moja, naipiga pasi, naiweka juu ya wenzake, na kuliona rundo likipanda kunanipa nguvu ya kesho.

Tena siachi kazi mahali pagumu. Kabla ya kuinuka natunga uzi na kubana kiraka kinachofuata kwa pini, nikirudi nianze kushona papo hapo. Kinachochosha zaidi ni kupiga bandi, yaani kushikiza kwa mishono mirefu, uso, pamba na bitana pamoja, na ukiwa peke yako utaikwepa kazi hiyo wiki nzima. Mimi huwaita majirani baada ya Alasiri tukae uani, kila mmoja ashike pembe yake. Hata kofia zetu, ambazo moja huweza kuchukua miezi, hushonwa hivyo, watu wakizungumza huku sindano inatembea.

Kuhusu tarehe, kumbuka kwamba mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa miladia kwa takriban siku 11, hivyo usitegemee nafasi uliyokuwa nayo mwaka jana. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya Idd, kisha uiondoe Ramadhani yote, kwani tarawehe na daku haziachi macho ya kutunga uzi. Uso wa mfarishi uwe umekwisha ndani ya Shaabani.

Ikiwa siku zimekubana, chukua safu ulizokwisha kuzimaliza umshonee mama foronya za mito kwa Idd-ul-Fitri, na mfarishi umpe Idd-ul-Hajj, inayofuata baada ya miezi miwili na siku chache. Niandikie ukubwa wa miraba yako na leso ulizobakiwa nazo, nikusaidie kupanga safu zilizosalia.