Re: Kwa nini Patterson alipima kimondo badala ya mwamba wa Dunia?
Salamu ndugu. Umekwama hapa: Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani, alitafuta umri wa Dunia, mbona akapima kimondo? Vimondo na Dunia viliundwa karibu wakati mmoja, na urani hugeuka polepole kuwa risasi (metali, si ya bunduki), hivyo umri hupimwa kwa risasi iliyoongezeka juu ya ile ya mwanzo. Angalia kwanza risasi hiyo ya mwanzo iko wapi. Miamba yetu imeyeyuka na kuchanganyika mno, humo huipati. Ndani ya kimondo cha Canyon Diablo kuna salfaidi ya chuma isiyo na urani ya kutajika, kwa hiyo isotopu zake za risasi (aina za atomi za risasi zenye uzito tofauti) hazikubadilika. Akazilinganisha na za vimondo vya mawe, na mwaka 1956 akachapisha miaka bilioni 4.55.

Ninapowafundisha wanafunzi hukaa zaidi kwenye maabara yake. Risasi ya hewani iliharibu vipimo hadi akajenga chumba safi kabisa katika chuo cha Caltech, California. Uchafu huohuo ndio uliomfanya apambane na petroli yenye risasi, kazi ninayoiheshimu kuliko zote.