Mtafiti akibisha hodi: maswali yenu

Kijana wa chuo alinihoji hapa Kisauni kuhusu msongo wa mawazo. Nilishatia sahihi fomu ya kukubali kuhojiwa, lakini maswali yakanigusa pabaya. Ningeweza kuondoka?

Naam, dadangu, tena bila kutoa sababu. Sahihi si pingu. Mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianza kuwaita watu akidai anachunguza kumbukumbu, kisha wakaamriwa wampige mwenzao shoti ya umeme kila akikosea. Shoti zilikuwa za uongo, wao hawakujua. Waliposita, msimamizi aliwaambia ni lazima waendelee. Katika matokeo yaliyochapishwa 1963, watu 26 kati ya 40 walifika volti 450, wengi wakitetemeka na kutokwa jasho. Kumkatalia mtu mwenye cheo na daftari ni kazi nzito, kwa hiyo mzigo ni wa mtafiti: akwambie kabla ya swali la kwanza kwamba waweza kuacha wakati wowote. Hata sasa mpigie, uombe majibu yako yaondolewe.

Nililipwa nauli ya kutoka Likoni. Si hongo hiyo?

La. Nauli na fidia ya muda wako ni haki. Ubaya huanza pesa zikiwa nyingi hadi mwenye shida ashindwe kukataa.

Mwanangu wa miaka 11 alijazishwa fomu shuleni kuhusu ugomvi wa nyumbani. Mwalimu alikubali, mimi sina habari. Yatosha?

Haitoshi, na yanikera. Ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe aulizwe kama ataka. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo yadai ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Nenda shuleni, uombe kuona kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, na barua ya kamati ya maadili ya utafiti. Uliza pia: mtoto akiandika kwamba anapigwa, nani angemshughulikia? Mtafiti asiye na jibu hakustahili kuuliza.

Kwani mtafiti aruhusiwa kudanganya?

Mara chache, kamati ikiridhika kwamba hakuna njia nyingine na hakuna atakayeumia. Mkimaliza, lazima akueleze ukweli wote, nawe ukichukizwa, uweze kuzuia majibu yako yasitumiwe.