Udongo wa Jiko la Mkaa na Mchanganyiko wa Kushikiza Kauri Yake

Jiko la mkaa lenye kauri ndani ya bati huanza kuharibika pale udongo unapokutana na chuma. Bati lililokatwa kwenye pipa zito hudumu miaka mingi, na kauri iliyochomwa ikaiva huvumilia moto wa mkaa bila taabu. Katikati yao, hata hivyo, kuna tabaka lenye unene wa kidole ambalo mafundi wengi hulikandika kwa haraka jioni ili jiko liwahi soko la kesho yake. Kazi yangu ni kufinyanga kauri na kurekebisha majiko yaliyolegea, na ushauri wangu kwa wafinyanzi na mafundi bati wenzangu ni kwamba tabaka hilo lipewe uzito uleule tunaoupa udongo wenyewe, kwa sababu kauri nzuri iliyoshikizwa vibaya haimfai mteja.

Jiko hili tunalolijua Afrika Mashariki lilisanifiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuchukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo jijini Nairobi wakawa miongoni mwa waliolitengeneza kwa wingi. Kiuno chake chembamba kina sababu: kauri hukaa nusu ya juu tu, ikiegemea kiunoni, na nusu ya chini hubaki bati tupu la kupokea majivu na kuingiza hewa. Maana yake ni kwamba uzito wa kauri, mkaa na sufuria ya ugali inayosongwa kwa nguvu hutua mahali pamoja pembamba, na mchanganyiko wa kukandikia ndio unaougawa mzigo huo ili usiielemee kauri upande mmoja.

Nianze na udongo. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi mguu wa mbuzi ukanasa, haufai kutumika peke yake, hata kama unafinyangika kwa urahisi unaovutia mkono. Hunywa maji mengi na kuvimba, kisha husinyaa mno unapokauka, na nyufa zake huonekana hata kabla ya moto. Udongo mwekundu au wa kijivu wa kingo za mito na mabonde huwa bora zaidi, na chuma kilichomo husaidia uive kwenye joto linalofikiwa na tanuri la kuni. Wenzangu wa upande wa Dar es Salaam huniuliza kuhusu kaolini nyeupe ya vilima vya Pugu. Ni udongo safi unaostahimili joto kali sana, lakini haunati vizuri mkononi, na ili uive peke yake unahitaji joto ambalo tanuri zetu hazilifikii. Kwa hiyo mimi huuchukulia kama nyongeza ndani ya udongo mwekundu.

Kwa wanaochimba karibu na pwani, kuna adui mdogo ambaye macho humpita kwa urahisi, nao ni vipande vya chokaa vitokanavyo na mawe ya matumbawe. Kipande chenye ukubwa wa punje ya mtama kikiingia tanurini hugeuka chokaa hai, na kauri inapotoka huonekana haina kasoro yoyote. Siku chache baadaye chokaa hiyo hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, na kubandua kigae cha mviringo kutoka kwenye ukuta wa kauri, huku doa jeupe likibaki katikati ya shimo. Kabla ya kununua udongo wa eneo geni, ukaushe kidogo, uponde, kisha uukamulie ndimu. Ukitoa povu, chokaa imo, na ni heri utafute shimo jingine kuliko kupoteza kuni za tanuri zima.

Vipimo vingine havihitaji maabara. Sokota udongo uliokandwa hadi uwe kama kamba yenye unene wa kalamu, uuzungushe kwenye kidole. Ukikatika mara moja una mchanga mwingi, na ukijipinda bila ufa wowote huenda una unato wa kupita kiasi. Kisha tengeneza kipande bapa, uchore juu yake mstari wa milimita 100, na ukikaushe kivulini. Mstari ukibaki na milimita 92 hadi 95, udongo huo unafaa. Ukishuka chini ya 90, lazima uupunguze makali kwa kuchanganya kitu kisichosinyaa. Kipimo hiki cha mstari ndicho ninachokiamini kuliko vyote, kwa kuwa hakimwachii fundi nafasi ya kujidanganya.

Kitu kisichosinyaa kilicho bora kabisa ni vigae vya kauri zilizovunjika, vikapondwa na kupitishwa kwenye chekeche. Vigae hivyo vimekwisha kupita motoni, havitasinyaa tena, na punje zake huuzuia ufa mdogo usisafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mchanga wa mto husaidia pia, lakini usizidishwe, kwa maana punje zake ni za kwatsi, madini ambayo hutanuka ghafla yakifika nyuzi joto 573 na kunywea ghafla yakishuka tena hapo. Kauri yenye mchanga mwingi, ikifunuliwa tanurini ingali na wekundu, hupasuka kwa sauti inayosikika. Pumba za mpunga nazo huungua na kuacha vitundu vya hewa vinavyozuia joto lisipotee kupitia ukutani. Hata hivyo, kadiri vitundu vinavyoongezeka ndivyo kauri inavyozidi kuwa dhaifu kwa kugongwa, na mimi huziweka kwa kiasi kidogo tu.

Kuhusu uchomaji nitasema machache. Kauri ikauke kabisa, kisha ipashwe polepole mpaka ipite nyuzi 100, maana maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kuivunja. Maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe hutoka kati ya nyuzi 450 na 600, na udongo ambao haujavuka hapo bado ni tope lililokauka. Lenga nyuzi 800 hadi 900. Asiye na kipimajoto alaze kigae kimoja majini usiku kucha: kikilainika pembeni, tanuri hilo halikuiva.

Sasa nifike kwenye tabaka la kushikiza. Bati hutanuka kwa joto takribani mara mbili ya udongo uliochomwa, kwa kila nyuzi moja. Bati lenye kipenyo cha milimita 250, likipata joto la nyuzi 200 zaidi, huongezeka karibu milimita 0.6. Ni kidogo kwa macho, lakini hutokea kila mama anapowasha jiko asubuhi na hurudi nyuma kila linapopoa, mwaka mzima. Tabaka gumu kama jiwe haliwezi kufuata mwendo huo, hivyo huachana na bati au huipasua kauri. Kinachotakiwa ni tabaka linaloshika kwa uthabiti huku likiwa na ulegevu kidogo ndani yake, na ambalo pia linazuia joto lisifike kwenye bati.

Saruji tupu haina sifa hizo. Zaidi ya ugumu wake, moto huiharibu kwa ndani: ikifika kati ya nyuzi 400 na 500, sehemu ya viambato vyake hupoteza maji na kugeuka chokaa, na chokaa hiyo ikivuta unyevu baadaye huvimba na kuivunjavunja saruji. Utaitambua hali hiyo ukilipindua jiko na kuligonga mbavuni kwa ngumi: unga wa kijivu, laini kama vumbi la sembe, huchuruzika kwenye kiuno, na kauri hutikisika kama jino linalotaka kung'oka.

Dawa yake ni kuichanganya saruji na kitu chepesi chenye hewa ndani. Vamikulaiti, yale madini ya magamba yanayovimba yakipashwa moto, ndiyo yaliyopendekezwa tangu jiko hili lilipoanza kuenea, na kwa uzoefu wangu hayana mpinzani: hupokea msukumo wa bati na kauri bila kuvunjika na huzuia joto vizuri. Pasipopatikana vamikulaiti, majivu yaliyochekechwa hufaa. Kipimo changu ni saruji moja kwa vinne vya majivu au vamikulaiti, kwa ujazo, na maji ya kutosha tu mchanganyiko ushikamane ukifinywa kiganjani. Wanaotaka kuiacha saruji kabisa watumie udongo wa kichuguu uliochanganywa na vumbi la vigae. Huo unafaa sana kwa jiko lililojengwa na kutulia jikoni, ila kwa jiko linalobebwa huku na huku hushindwa mapema, kwa sababu sehemu iliyo karibu na bati haipati joto la kuuivisha.

Namna ya kukandika ina uzito sawa na kipimo. Kauri iliyochomwa ina kiu kubwa. Ukiikandika ikiwa kavu, itafyonza maji yote na kuiacha saruji bila ya kugandia. Iloweshe majini mpaka viputo vikome. Mgongo wake uwe umekwaruzwa kabla ya kuchomwa, ili mchanganyiko upate pa kung'ata, na fundi bati akate ndimi fupi kwenye ganda azikunje ndani. Shindilia kuanzia kiunoni kwenda juu, kidogo kidogo, ukizungusha jiko ili pasibaki tundu la hewa. Ukingoni, pale ndimi za moto zinapolamba, mimi humalizia kwa udongo na vumbi la vigae bila saruji, kwani hapo ndipo penye joto kali na ndipo saruji hufa kwanza. Kisha jiko lifunikwe magunia mabichi kivulini kwa siku saba, yakirowekwa kila siku. Najua soko halisubiri, lakini jiko lililokaushwa juani siku moja litarudi kwako, na jina litakaloharibika ni lako.

Kwa anayerekebisha jiko la zamani, asiongeze mchanganyiko mpya juu ya ule uliokufa. Aitoe kauri, akwangue unga wote mpaka bati lionekane, na aigonge kauri kwa kifundo cha kidole ikiwa mkononi: ikilia vizuri inarudishwa, na ikitoa sauti nzito iliyokatika ina ufa, hivyo ipondwe iwe vumbi la vigae. Jiko likishakandikwa upya na kukomaa, moto wa kwanza uwe wa vipande vichache vya mkaa, bila sufuria juu, na liachwe lipoe lenyewe pasipo kumwagiwa maji.